Vifungo vya Shati la Kaka Yako

S.L.P. 217,
Makambako,
Njombe.

9 Novemba 2024

Mpendwa wifi yangu Prisila,

Kamwene, wifi! Nimeanza na salamu ya nyumbani kwa makusudi, maana kwa miaka uliyokaa huko Musoma nina wasiwasi hata ndoto zako sasa zina harufu ya sato. Habari za afya yako? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimetulia? Na shemeji Jacob, mgongo unamruhusu kulala? Flora na Abel wanaendeleaje na masomo? Mwambie Abel kwamba ile suruali aliyoisahau hapa mara ya mwisho imepata mrithi. Mbwa wetu anailalia kila siku na hataki mtu aiguse.

Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua za kwanza zimeanza kuonja onja, ardhi imelowa juu tu, lakini watu wameshaingia mashambani na mbegu za mahindi kana kwamba wamepewa hati ya mvua. Rejoice anaendelea na ushonaji mjini, asubuhi anaondoka na koti zito na jioni anarudi na nyuzi kwenye nywele. Mimi mwenyewe ni mzima, ila magoti yanalalamika nikikaa karibu na ardhi muda mrefu. Kaka yako anakusalimu sana. Habari zake ndizo zilizonifanya nitafute kalamu, kwa hiyo vuta kiti.

Simu yako ya mwezi uliopita niliipokea nikiwa jikoni. Wifi, maneno yale yaliniuma, sitaki nikufiche. Uliniambia kama nimemchoka kaka yako niseme tu, na kwamba Krismasi unakuja kumchukua ukamtunze mwenyewe. Nilitaka kukujibu, lakini ukiwa na hasira huachi mwanya hata wa kupitisha sindano, na mimi nikianza kulia sauti inanikimbia. Nikanyamaza. Baadaye nikaona bora niandike, maana barua haikatizwi maneno.

Kwanza nikuthibitishie kwamba aliyokusimulia shangazi Jenifa ni kweli tupu. Alifika asubuhi kutoka Wanging'ombe, amechoka na baridi imemwingia, akamkuta kaka yako ameketi barazani anahangaika na vifungo vya shati. Kifungo kimoja kilikuwa kimemkatalia kabisa. Uji wake ulikuwa pembeni umeshaota ngozi juu. Na mimi nilikuwa pale pale nachambua maharage, simsogelei. Shangazi alitupa kikapu chini, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akamnywesha uji, ndipo akanigeukia. Aliyoniambia sitayarudia, kwa sababu ni mzazi wetu. Alipoondoka hakuniaga.

Yote aliyoyaona aliyaona vizuri. Ila hakukaa akaona na mengine, na hayo ndiyo ninayotaka uyajue kabla hujapanga safari.

Unakumbuka kaka yako alianguka wiki ile ya kuelekea Pasaka. Wewe ulikuwa umelazwa na kifua chako, na hakuna aliyekulaumu kwa kutokuja. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ametoka kusia mbegu za parachichi kwenye viriba, zile za kienyeji zinazotoa shina gumu la kubebeshea kijiti cha mti bora. Alisema mwaka huu anataka miche mizuri kuliko yote aliyowahi kutoa kwenye kitalu chake. Zile mbegu zikaota yeye akiwa kitandani. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mkono na mguu, na ulimi ulikuwa mzito kiasi kwamba jina langu lilitoka nusu.

Sasa watu wetu unawajua. Mgonjwa kwetu ni mali ya kijiji kizima. Kuni zilikuja, viazi vilikuja, maziwa yalikuja, kina mama wa kwaya wakapanga zamu. Kila aliyeingia alimwinua, alimshikia kijiko, alimfuta mdomo, alimvalisha soksi. Hata kukohoa nusura wamkoholee. Na mimi niliwazidi wote. Nilikuwa najua anataka maji kabla hajageuza shingo. Nilijivunia hilo, wifi, nikiamini ndivyo mke mwema anavyotakiwa kuwa, na watu walinisifu kanisani.

Kule kliniki Njombe kuna kijana anaitwa Amon, wa mazoezi ya viungo. Siku moja aliweka kikombe mezani akamwambia kaka yako akishike kwa mkono wa kulia. Kabla mkono haujatikisika, mimi nilishakiinua kikombe na kumpa. Amon akacheka, akaniuliza, "Mama, hapa mgonjwa ni nani?" Halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba mkono unaofanyiwa kila kitu hauna sababu ya kuamka, na kwamba tukiendelea vile utazoea kulala mpaka usiamke tena.

Kaka yako aliutazama mkono wake njia nzima, kutoka Njombe mpaka tunashuka kwenye gari. Jioni, tulipomaliza sala ya chakula, akatuzuia tusianze kula. Akasema, kwa ule ulimi wa kuburuta aliokuwa nao wakati ule, kwamba ile miche iliyoko kwenye viriba ataibebesha yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, kabla mvua hazijarudi. Akasema ili mkono ufike huko hataki mtu amguse wala amsaidie jambo lolote mpaka yeye aite. Akatuuliza mimi na Rejoice mmoja mmoja kama tumekubali, na tukaitikia kama watoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Chakula kilikuwa kimeshapoa.

Nilidhani amejifunga yeye. Kumbe aliyefungwa kamba fupi ni mimi.

Wifi, hujui ugumu wa kukaa na mikono yako mwenyewe. Asubuhi alianza kwa kuvaa. Kisha anakunywa uji kwa mkono wa kulia, nusu unaingia mdomoni na nusu unakwenda kifuani. Kisha namwekea beseni la mahindi apukuchue. Mchana anamenya viazi, na viazi vyake vilitoka vidogo kama vya mtoto anayecheza kupika, maana nyama yote ilikwenda na maganda. Jioni anachukua vijiti na kipande cha nailoni, anazungusha na kukaza, anafungua, anazungusha tena, namna ileile anavyofunga mche uliobebeshwa. Kila kitu kilianguka. Akikiinua, kinaanguka. Mimi nilikuwa napata kazi za uongo za kwenda nyuma ya nyumba ili nisione. Kuku wetu hawajawahi kutembelewa kiasi kile.

Rejoice alimhurumia akaleta wazo la fundi. Akasema atamtolea vifungo kwenye mashati yote amwekee zipu. Baba yake alimtazama akamwambia shati lenye zipu atavaa siku akiwa koti. Unamjua kaka yako alivyo mbishi. Nyinyi ukoo wenu mkikataa jambo hata ng'ombe wawili hawawavuti, na sikusemi vibaya, maana safari hii ubishi huo ndio ulionirudishia mume.

Jumapili moja alivaa sweta kinyume, mgongo mbele, na alikuwa ametumia muda mrefu mno kulivaa. Tukaenda nalo kanisani hivyohivyo. Nilisikia macho ya watu yakinipita mgongoni. Mama mmoja baada ya ibada akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini kaka yako alitembea katikati ya watu na fimbo yake, kidevu juu, na aliponikaribia akaninong'oneza kwamba sweta lina joto lilelile pande zote. Nilicheka huku machozi yananilenga.

Usidhani kwamba kila siku aliamka na moyo wa chuma. Hapana. Mwezi wa Juni baridi ilikuja ile ya nyasi kuwa nyeupe asubuhi, na mkono ukakakamaa, hata kile kidogo alichokuwa amepata kikarudi nyuma. Siku hizo aligeukia ukutani. Uji akasema hataki. Mahindi akasema yapelekwe kwa nguruwe na magunzi yake. Nilimwachia siku ya kwanza nikidhani ni uchovu, nikamwachia na ya pili. Baadaye nikaona nikimwachia tena nitakuwa namzika akiwa hai.

Sikumwambia ajikaze. Neno hilo alishalisikia kwa watu wengi na halikumpa kitu. Nilileta beseni nikakaa chini karibu na kitanda, nikamwambia leo asifanye mazoezi, apukuchue mhindi mmoja tu halafu alale, sitamdai wa pili. Kisha mkono ukatoka ndani ya blanketi. Mhindi ule mmoja ulimchukua muda wa mimi kuchemsha chai na kuinywa, na alipoumaliza akaniambia nimpe mwingine. Nikamkatalia. Nikamwambia ahadi ni mmoja. Basi akanikasirikia, na ile hasira ndiyo iliyomwinua kitandani.

Tangu hapo amekuwa na msemo wake ambao sasa kijiji kizima wanausema. Anasema hamu ni mgeni, huwezi kumngojea ndipo upike. Pika, akija atakuta chakula. Siku ambazo moyo unataka anafanya, na siku ambazo moyo hautaki anafanya mhindi mmoja. Ile methali ya haba na haba nimeisikia tangu darasa la pili, lakini sikuwahi kujua kwamba kibaba kinaweza kuchukua muda mrefu hivyo kujaa, na kwamba kuna siku kinavuja.

Kufikia Agosti alishika kikombe bila kumwaga. Kufikia mwanzo wa Septemba alishika kisu chake cha kubebeshea, akachonga kijiti kikawa na ncha bapa pande mbili, kama kabari, akakipachika kwenye kijiti kingine na kufunga nailoni isilegee. Miche kwenye viriba ilikuwa imenenepa inavyotakiwa. Alipanga Jumatatu ndiyo ataanza. Alikinoa kisu hicho mpaka nikaogopa kupita karibu. Wifi, sijawahi kumwona na furaha ile tangu siku aliyokuja kwetu kuniposa, na siku ile angalau alikuwa na ulanzi kidogo kichwani.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo tulikwenda kliniki. Tuliporudi alasiri tukasikia nyimbo kabla hatujafika. Ua umefagiliwa. Masufuria ya ugali na maharage yako kwenye mafiga. Watu wa jumuiya yetu wamejaa, wanaume kwa wanawake, na kiongozi wetu Mzee Kornelio yuko mbele yao na kisu mkononi, uso wake unang'aa. Walikuwa wamefanya ujima. Walikuwa wamebebesha miche yote ya kaka yako, kila kiriba, na nailoni nyeupe zimefungwa safu kwa safu mpaka mwisho wa kitalu.

Waliifanya kwa upendo, Prisila. Kubebesha wengi wao walifundishwa na yeye mwenyewe, bure, pale pale kitaluni, na walitaka kumrudishia. Na unajua desturi yetu, mtu aliyekuja na jembe kwa mgonjwa hakatazwi, hata akikulimia njia. Hatukuwa tumemweleza mtu nje ya nyumba juu ya ile ahadi. Kaka yako aliona ni jambo la ndani. Sasa utawaambia nini watu walioacha mashamba yao wakaja kukufanyia kazi tangu asubuhi?

Kaka yako alisimama kwenye fimbo akatazama zile nailoni. Kisha akawashukuru. Alimshukuru kila mmoja kwa jina lake, akaomba dua, akala nao ugali, akacheka kwenye maneno ya kucheka. Walipoondoka akaingia ndani akaketi kitandani na koti lake. Akaniambia, "Mama Rejoice, wamenipenda mpaka wameninyang'anya."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Ila Jumatatu ilipofika hakugusa mahindi, wala Jumanne, na safari hii hata ule mhindi mmoja haukufua dafu. Alisema apukuchue ili iweje? Kile alichokuwa anakifuata kimeshafanywa na wengine, tena vizuri. Nilizunguka kitalu kile nikitamani miche mingine ikauke ili apate pa kuanzia, Mungu anisamehe, na kila asubuhi niliikuta iko vilevile, mizima kabisa.

Aliyeokoa jambo hili ni nguruwe wetu. Usicheke. Kule chini, nyuma ya banda, kuna ule mparachichi wa zamani wa baba mkwe ambao hakuna anayechuma tena. Matunda yanaanguka, nguruwe wanakula, kokwa wanazitupa huku na huko. Nilikwenda kuwatilia maganda, nikaona chini ya mti maotea, miche iliyojiotea yenyewe, yamesimama ovyo, mengine manene kuliko miche ya kwenye viriba, yamejificha kwenye magugu. Nilitaka nikimbie kumwita. Lakini nilijizuia. Ninavyomjua kaka yako, ningemwambia nimempatia miche angesema nimemtafutia kazi ya kumtuliza, kama mtoto anayepewa unga achezee. Nikarudi nikasema tu kwamba uzio wa nguruwe umelegea kule chini, na kwamba mimi siuwezi.

Alikwenda kuutazama uzio na fimbo yake. Alikawia. Aliporudi hakusema lolote kuhusu uzio. Alichukua kisu, nailoni na gunia la kukalia, akakata vikonyo, vile vijiti vichanga vya kupachika, kwenye mti wake bora, akateremka tena peke yake. Kile kimteremko ni kibaya, wifi, na kilikuwa na utelezi wa maji ya nguruwe. Mimi nilishika nguzo ya banda la kuku nikauambia mwili wangu ukae hapo hapo.

Alikaa kule mpaka jua likawa la utosi. Nilimwona kwa mbali akikata, akipachika, kikonyo kikidondoka kwenye matope, akikifuta na kuanza upya. Aliharibu vikonyo vingi. Kuna wakati alitupa kisu kabisa, akakaa tu, akatazama mikono yake. Kisha akatambaa kukifuata.

Halafu nikasikia ananiita. Tangu ile jioni ya ahadi hakuwahi kuniita hata mara moja, miezi yote ile! Nilikimbia, wifi, na magoti haya haya, khanga ikanivuka nusu. Nikamkuta amepiga magoti kwenye gunia, mkono wa kushoto umeshika shina, wa kulia umekaza nailoni, na kikonyo kimekaa katikati sawasawa, gome kwa gome. Jasho linamtiririka. Akaniambia, "Nikune pua. Nikiachia hapa itafunguka."

Nikamkuna pua. Nilimkuna huku nacheka, na yeye anacheka bila kuachia, na nilipoona anamaliza lile fundo la mwisho kwa mkono wake wa kulia, kicheko changu kikageuka. Nilimpenda siku ile kwa namna ambayo mtu wa umri wangu huona haya kuiandika. Nimeiandika.

Nisikudanganye kuhusu matokeo. Mingi ya ile aliyobebesha imekauka. Wiki kadhaa tulikuwa tunateremka kila asubuhi kuangalia, na tulikuta vikonyo vimekuwa vyeusi. Lakini michache imeshika. Imetoa majani madogo mekundu yanayong'aa, na anakwenda kuyatazama kabla hata hajanawa uso. Na mkono wake haujawa kama zamani, Amon ametuambia wazi kwamba huenda usifike tena pale. Bado anatumia fimbo. Maneno yake yanaeleweka yote sasa, pamoja na yale ambayo ningependa yasieleweke.

Mzee Kornelio alikuja akaoneshwa yale maotea. Aliinama, akayakagua moja moja, akasimama, akavua kofia. Ni mtu wa akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimwambia kaka yako kwamba kama mgeni siku ya tatu hupewa jembe, basi na mgonjwa naye walipaswa kumpa lake mapema. Tangu hapo watu bado wanakuja kumwona, lakini zawadi zimebadilika. Maharage yanaletwa na maganda yake. Mahindi yanaletwa kwenye magunzi. Mama mmoja wa kwaya ameleta sweta la mumewe lililokatika vifungo, akasema kaka yako ana muda, avishone. Anavishona, vinakaa upande, na mwenye sweta analivaa hivyohivyo kanisani.

Sasa narudi kwenye kifungo alichokiona shangazi. Kile cha tatu kutoka juu kina tundu dogo, na ndicho kinachompa shida zaidi. Asubuhi ile alikuwa amebakiza kidogo sana, wifi. Nilikuwa naona kabisa kifungo kimeshaingiza ukingo. Mimi nilikuwa nachambua maharage lakini hata jiwe moja sikuliona, macho yangu yote yalikuwa pale kwenye kile kifungo. Ndipo shangazi akafika. Simlaumu, alifanya ambalo mimi nilitaka kulifanya kila asubuhi tangu Mei. Nimeshamtumia ujumbe wa kumwomba radhi na kilo kadhaa za viazi, na ameupokea ujumbe na viazi pia, ingawa bado jibu lake ni fupi.

Wewe ni damu yake. Mlinyonya ziwa moja, na mimi nilikuja baadaye nikiwa mgeni kwenu, siwezi kukuzuia. Najua huko una nyumba nzuri na msichana wa kazi, na hospitali kubwa iko karibu. Najua usemalo linatoka kwenye mapenzi. Kama utakuja, ukakaa nasi, ukamwona, na bado ukasema twende, na yeye akakubali, basi sitafunga mlango. Lakini nakuomba usije kumchukua. Njoo kumtembelea. Akijua kwamba dada yake amekuja kumwokoa, atakaa chini, na akikaa chini mara nyingine sijui kama nitapata cha kumwinulia. Hofu yangu yote ni hiyo, wala sina nyingine.

Na ukinikuta nimekaa huku yeye anahangaika, njoo ukae karibu yangu. Nitakupa maharage uchambue. Tutaumia wawili, itakuwa nafuu.

Mpe shemeji Jacob salamu nyingi, na umwambie mafuta ya mgongo aliyoyauliza nitakupa ukija. Flora mbusu, Abel mvute sikio kwa niaba yangu. Rejoice anamsalimu shangazi yake, na anaomba vipimo vyako akushonee gauni la Krismasi, ila useme ukweli kuhusu kiuno. Mzee Kornelio naye amesema nisisahau kukutajia jina lake.

Neno la mwisho, wifi, na ndilo nililoliogopa kuliko yote. Kaka yako amesema siku utakayofika hataki mtu mwingine aje kukupokea. Atakuja mwenyewe stendi ya Makambako na fimbo yake. Ukishuka kwenye basi atanyoosha mkono wa kulia aombe begi lako. Utauona ule mkono ukitetemeka. Watu watakuwa wanatazama, na vijana wa mizigo watakuwa wameshakuzunguka. Moyo wako utakwambia ukumbatie begi hilo kifuani na ulie.

Mpe, wifi. Halafu tembea kando yake mikono mitupu, polepole, mpaka nyumbani.

Mungu akuvushe salama milima na mabonde yote yaliyo kati yetu, na akutunzie kifua hicho.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Wifi yako Ema,
Mama Rejoice